Haleluya si ya watu wa mjini tu



Majilio yanakaribia, na kama ilivyo kila mwaka, kwaya za Dar es Salaam zinajiandaa kwa matamasha ya Noeli. Katika makanisa makubwa ya jiji nyimbo za watunzi wa kale, kama Handel na Bach, huimbwa kwa sauti nne. Huku kwetu Kilosa na Mikumi wapo wasemao kwamba huo ni muziki wa wasomi, tena kwamba mama mwenye nyumba hana nafasi nao. Hebu tuyapime maneno hayo.

Haleluya ile tunayoiimba kwa shangwe siku ya Pasaka ilitungwa na Handel mwaka 1741, ndani ya kazi yake kubwa iitwayo Messiah. Aliiandika kwa siku 24 tu. Iliimbwa kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yake yakasaidia hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 walilipiwa wakatoka. Watu walitazamiwa kuwa wengi hata akina mama wakaombwa waje bila yale matao ya kutanulia magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili wote wapate nafasi. Basi tangu mwanzo muziki huu ulikuwa na kazi ya huruma.

Na zile herufi d, r, m, f, s, l, t katika karatasi zetu za kwaya? Mwanzo wake ni mwanamke. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, katika karne ya 19 alitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto kuimba. Mchungaji John Curwen akaiendeleza, na wamisionari wakaileta Afrika. Mama wa Mikumi anayesoma herufi hizo anasoma kazi ya mwanamke mwenzake.

Kwa hiyo tunasikitika tunapoona binti aliyeimba vizuri akiolewa, kisha kiti chake katika kwaya kinabaki kitupu. Mara nyingi sababu ni mazoezi ya jioni: chakula kinachelewa, njia ina giza, na baba watoto hapendi. Hofu yake si ya kudharau. Tuzungumze naye kwa upole, si kwa ubishi. Tumwombe mwalimu wa kwaya mazoezi yawe Jumapili baada ya ibada. Tuwahi kupika, na watoto wakubwa wasaidie, wavulana nao. Tena tumkaribishe baba mwenyewe. Kwaya nyingi zina upungufu wa sauti ya nne!

Anayeweza kwenda Dar es Salaam kusikiliza, na aende na jamaa yake. Wa Kilosa wana reli, pamoja na treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Wa Mikumi wana mabasi ya barabara kuu, safari ya kama kilomita 300. Wekeni akiba mapema, hata kwa upatu. Ombeni malazi kwa ndugu, maana tamasha huweza kwisha usiku. Watoto wale kwanza, na simu zizimwe. Makofi yasubiri hadi wimbo wote uishe. Haleluya ikianza mtaona watu wakisimama. Ni desturi ya zamani, nanyi simameni.

Asiyeweza kusafiri asihuzunike. Kwaya mbili au tatu za jirani zikikutana Jumapili moja alasiri, kila moja na nyimbo zake nne, hilo ni tamasha kamili. Sadaka yake na imlipie mgonjwa asiye na uwezo, kama walivyofanya wale wa Dublin.

Bwana awape Majilio yenye amani, na nyumba zenye kuimba.