Kikohozi cha Mchimbaji Kipimwe Sasa

Ndugu mchimbaji wa Kamatanda, nawe mama unayeponda mawe: kikohozi kilichotimiza wiki mbili usikiite tena vumbi tu. Kapimwe makohozi kabla hujarudi shimoni. Ikiwa unatoka jasho usiku, unakonda au unatema damu, usingoje hata hizo wiki mbili.

Jiwe kavu likitobolewa au kupondwa, hutoa chembe za silika zisizoonekana kwa macho. Zikifika ndani kabisa ya mapafu, chembe hai zinazolinda mwili huzimeza, na nyingi hufa. Mapafu hujaa makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, nao hauna tiba. Hapo bakteria wa kifua kikuu hukuta lango halina askari. Ukiwa pia na virusi vya UKIMWI, hatari huzidi maradufu.

Wazee waliostaafu kampuni ya madini ya Gécamines nao wasijidanganye. Silika haitoki kifuani eti kwa sababu mtu ameacha kazi, ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba wanaofanya kazi penye vumbi hilo, na waliowahi kuifanya, wachunguzwe kifua kikuu.

Kinachonitisha zaidi ni vidonge vya kujinunulia. Mtu akimeza deksametazoni, pumzi hupata nafuu, hamu ya kula hurudi, naye hutangaza kwamba amepona. Kumbe dawa hiyo imeshusha kinga na ugonjwa unaendelea kutafuna. Levofloksasini nayo hutuliza kikohozi kwa muda, kipimo kikachelewa na bakteria wakazoea dawa. Na maziwa yanayonywewa eti kusafisha vumbi? Yanashuka tumboni. Hayajawahi kuosha pafu la mtu.

Ukifika kituo cha afya, mwambie muuguzi waziwazi kwamba unachimba, au uliwahi kuchimba. Picha ya kifua peke yake inaweza kudanganya, maana makovu ya silika na ya kifua kikuu hufanana. Omba makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Humezwa miezi sita, na kwa mwenye silikosisi daktari anaweza kuongeza.

Kazini, lowesha jiwe kabla ya kuliponda. Kitambaa cha puani hakizuii chembe hizo. Ukikutwa na kifua kikuu, watoto na wote mnaolala nao chumba kimoja wapelekwe kupimwa bila kuchelewa, hata asiyekohoa.