Mfamasia wa mtaani apewe nafasi yake

Anayeumwa na jino akimeza tembe, hupata nafuu baada ya muda mfupi, naye huamini kwamba dawa imefanya kazi. Dawa ya kupunguza kolesteroli haina bahati hiyo. Mafuta yanayoganda ndani ya mishipa ya damu hayaumi, kwa hivyo mgonjwa hahisi tofauti yoyote anapoimeza wala anapoiacha. Ndiyo maana wengi hudhani wamepona punde tu pakiti ya kwanza inapokwisha.

Msomaji, usidanganyike. Dawa hizi, ambazo kwa jumla huitwa statini, hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini. Ukiziacha, ini hurudia kazi yake na katika muda wa wiki chache kiwango hupanda tena. Utafiti uliofanywa katika nchi za Skandinavia na kuchapishwa mwaka wa 1994 uliwahusisha wagonjwa 4,444 wa moyo. Waliopewa simvastatini kwa miaka mitano hivi walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 30. Faida hiyo haipatikani kwa kumeza mwezi mmoja na kupumzika miwili. Anayeanguka kwa kiharusi aghalabu ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Mnamo 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika mataifa tajiri ni nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ipasavyo, na kwamba katika mataifa maskini hali ni mbaya zaidi.

Je, nani atamkumbusha mgonjwa? Daktari humwona pengine mara mbili au tatu kwa mwaka. Mfamasia wa mtaani humwona kila anapokwenda kununua dawa. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba mteja aliyepaswa kurudi tarehe tano hajaonekana hadi tarehe ishirini, au kwamba sasa ananunua tembe za siku kumi kwa sababu pesa ni haba. Anaweza kumpigia simu. Anaweza pia kumtafutia dawa iyo hiyo iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu.

Isitoshe, mfamasia anajua mambo ambayo mgonjwa huogopa kumuuliza daktari. Misuli ikiuma, yafaa kuripoti mara moja badala ya kuitupa dawa kimyakimya, kwani mara nyingi kipimo hupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Simvastatini haipatani na baadhi ya viuavijasumu, kama vile erithromaisini, wala na baadhi ya dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI. Mwenye kununua huku na kule hana wa kumwonya.

Baadhi ya madaktari wenzangu husema kwamba kemisti ni biashara tu. Ni kweli wapo wauzaji wasio na ujuzi, lakini Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inataka anayetoa dawa awe amesajiliwa na Bodi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza leseni. Dawa ya wasiosomea ni kuwaondoa, wala si kuwadharau waliosomea. Kwa upande wetu, tuandike wazi kwenye karatasi ya dawa sababu ya matibabu na muda wake, na tumpokee mfamasia anapotupigia simu kuhusu mgonjwa.

Nawe msomaji, chagua kemisti mmoja aliyesajiliwa karibu na nyumbani au kazini. Mwonyeshe dawa zako zote, zikiwemo za mitishamba. Mwachie nambari yako ya simu. Na siku utakapotaka kuacha dawa, mwone yeye au daktari kwanza.