"Kila Shairi ni Zuri" ni Matusi

Nianze kwa kukiri. Ile karatasi kubwa ukutani kwenye kituo chetu cha vijana, inayosema "Hapa hatukosoi, kila shairi ni zuri", niliiandika mimi kwa mkono wangu. Mwezeshaji wa warsha alisema ndivyo inavyofanyika kila mahali, nami nikaamini. Mpaka siku kijana mmoja wa miaka 16 aliposoma shairi lake, tukapiga makofi kama kawaida, nikamwambia "safi sana". Akaniangalia. "Kaka, kwa hiyo hukusikiliza."

Kweli, sikuwa nimesikiliza. Nilikuwa nahesabu soda.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za washairi wawili wa Wales, Dylan Thomas na Vernon Watkins, na kadiri ninavyosoma hasira inanipanda. Si juu yao. Juu yetu.

Walikutana Swansea, mji wa bandari, mwaka 1935. Thomas alikuwa na miaka 20 na tayari ana kitabu. Watkins alimzidi miaka minane, alikuwa karani wa benki na hakuwa na kitabu hata kimoja. Wakawa wanasomeana mashairi, na Thomas alipokuwa mbali wakaandikiana barua. Humo hakuna "safi sana" za bure. Wanabishana juu ya mstari, juu ya neno moja. Thomas alipokuwa anaandaa kitabu chake cha pili, kilichotoka 1936, Watkins alimsihi aondoe mashairi mawili aliyoona hayaeleweki. Thomas akakataa, akayachapisha. Urafiki haukufa.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Shairi la Watkins lilikuwa linatoka kwenye jarida jipya lililoitwa Wales, na Thomas akabadilisha maneno yake bila kumuuliza. Jarida likatoka hivyo hivyo. Watkins, mtu mpole wa benki, akazunguka kwenye maduka ya vitabu ya Swansea na kalamu yake, akirudisha maneno yake nakala kwa nakala. Nampenda sana mtu huyu.

Sasa tuseme ukweli, ndugu zangu wa mashirika. Mnatukataza kukosoana, halafu nyinyi mnabadilisha. Kijana ameandika "njaa", kwenye ripoti inatoka "changamoto ya chakula". Ameandika shairi la mapenzi, mnamuuliza kama hana lingine la safari ya kukimbia vita. Huko ni kukosoa pia, tena kukosoa kwa mgongoni, ambako mwenye shairi hawezi kujibu. Watkins aliyajua maduka ya kuendea na kalamu yake. Sisi twende wapi? Ripoti ikishachapishwa hatuioni hata jalada.

Najua jibu lenu: hawa watoto wameumia, msiwavunje moyo. Nimeishi hapa miaka mingi kuliko mkataba wa yeyote kati yenu, na mimi ni mmoja wa hao watoto. Anayevunjwa moyo ni yule anayejua mstari wake wa tatu ni mbovu na watu wazima wote chumbani wanajifanya hawajaona. Kumwambia "hapa pamelegea, jaribu tena" ni kumwambia una uwezo wa kufanya vizuri zaidi. Kumpigia makofi tu ni kumwonea huruma, na huruma tunapewa ya kutosha kwenye foleni ya mgao.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Tunanuna haraka mno. Thomas alipangwa kuwa msimamizi wa Watkins kwenye harusi yake, 1944, na hakutokea kabisa! Bwana harusi akasimama bila yeye. Thomas aliomba radhi kwa barua baadaye, na Watkins akasamehe. Huku kwetu nimeona marafiki wawili wakiacha kusalimiana kwa sababu mmoja alisema kina vya mwenzake havilingani.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Watkins alizitunza barua za Thomas, zikatoka kitabu mwaka 1957, Thomas akiwa ameshafariki. Barua za Watkins mwenyewe kwa Thomas nyingi hazikusalia. Nusu ya mazungumzo imepotea, na ni nusu ya yule aliyekuwa anatunza. Sasa fikirieni mazungumzo yetu. Yote yako kwenye simu. Simu ikifa, au mwenzako akipata safari ya nchi ya tatu na kubadili namba, imekwisha.

Karatasi ya ukutani nimeitoa Jumatatu. Mwezeshaji akitaka kujua iko wapi, nimegeuza upande wake mtupu, nikaikata, nikaishona daftari mbili. Moja iko kwa yule kijana, nyingine ninayo mimi. Ameshaniandikia kwamba shairi langu la mwezi uliopita lina beti mbili za ziada. Bado namjibu. Moja ya hizo beti siitoi.