Kota ya kobalti, balansi ya depo na maharagi ya mutoto



Tangu mwezi wa 2 wa mwaka 2025, kuna habari moja yenye imeingia mu kila nyumba ya Kolwezi, ya Likasi na ya Fungurume: kobalti inafungwa, kobalti inafunguliwa. Serikali ilikataza kwanza kupeleka kobalti inje kwa miezi 4, kisha ikaongeza miezi 3, na kuanzia tarehe 16 ya mwezi wa 10 ikaleta kota. Kila kompani ina kiasi chake, haiwezi kupitisha. Kwa mwaka 2026, kota ya inchi yote ni tani 96.600. Mu redio walisoma hesabu hiyo mbio mbio, sawa vile wanasoma matokeo ya mupira, na watu wengi walibaki wanajiuliza: ni mingi, ao ni kidogo?

Sisi wa sendika, mu mukutano mumoja, tulimwanga maharagi ku meza. Kila haragi ni tani 10.000. Mwaka 2024 inchi yetu ilitosha karibu tani 220.000 za kobalti: tukahesabu maharagi 22. Kisha tukahesabu kota ya 2026: maharagi 9 na kipande. Yale mengine tukayasukuma pembeni. Mutu mwenye hakumaliza hata primere aliona mara moja juu ya nini depo inanunua kidogo, na juu ya nini bei ya kobalti ku soko la dunia ilipanda. Na wa kwanza kusema kwa sauti hakuwa muchimbaji. Alikuwa mutoto mwenye alikuja kumuita baba yake: «Papa, zaidi ya nusu imebakia!»

Tangu siku ile tunasema waziwazi mu sendika: hesabu na siansi ya watoto wadogo ni mambo ya mushahara wetu. Watu wengine watatujibu kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu na ya Serikali. Ni kweli. Katiba ya 2006, mu artikle 43, inasema masomo ya primere ni ya lazima na ya bure mu masomo ya Serikali, na tangu mwezi wa 9 wa 2019 ile bure ilianza kutumika. Tuliiunga mukono na tunaiunga mukono mupaka leo. Lakini kila muzazi anajua namna kalasi zilijaa. Mwalimu mumoja, na kipande cha shoki, mbele ya watoto wenye wanakaa chini: atawapatia wote balansi ya kushika mukononi wapi? Anaandika ku tablo «kilo 1 = gramu 1.000», watoto wanaimba pamoja, na mwisho wa mwaka wanajua wimbo tu, kilo hawajaipima. Tunaendelea kudai kalasi na walimu wenye kulipwa muzuri. Lakini mutoto wa myaka 5 hatangoja kwanza tushinde ile madai.

Basi tuanze na balansi, juu hapo njo tunaibiwa.

Twaa fimbo ya ufagio. Funga kamba katikati, uitundike ku mulango. Ku kila mwisho tundika kopo ya tomate yenye imemaliza. Ukiona fimbo inalala sawa, balansi iko tayari. Mutoto mudogo kabisa usimuambie namba. Muulize kwanza: «Unafikiri nini, kitunguu ao kiazi, gani iko nzito?» Aseme, kisha apime. Akikosa, usicheke, na usimupe jibu. Acha abadilishe vitu yeye mwenyewe. Ile kusema mbele, kisha kupima, njo siansi yote. Wainjiniya wa kompani wanafanya hivyo hivyo, ila wao wanavaa kaske.

Akifika myaka 7 ao 8, mupatie vizibo vya chupa vikuwe kilo zake. Kiazi kinapima vizibo ngapi? Anaandika. Kisha unamufundisha jambo lenye wakubwa wengi hawalijui: litre 1 ya maji inapima kilo 1. Ni karibu kabisa, na maji hayajui kudanganya. Twaa chupa ya litre 1 na nusu, uijaze mupaka pale maji yalikuwa yanafika wakati iliuzwa, si mupaka ku mudomo. Chupa 10 ndani ya bidoni ni litre 15, kwa hiyo kilo 15. Pima kwanza bidoni tupu, uondoshe uzito wake.

Sasa peleka bidoni ile ku balansi ya depo. Kama inaonyesha 15, balansi ni ya haki. Kama inaonyesha 12, uliza mutoto wako afanye hesabu: kila kilo 15 zinasomwa 12, basi mufuko wa kilo 50 utasomwa 40. Ukileta mifuko 10, umeacha kilo 100 bure, ni kusema mifuko 2 mizima yenye ulibeba ku mugongo kutoka mu shimo. Tunajua depo kadiri mu fasi zetu wenye wanakataa mutu apande na maji ku balansi yao. Wanajua juu ya nini.

Meka ya unga ni ndugu ya balansi ya depo. Acha mutoto ahesabu vikombe vya unga vyenye vinaingia mu meka ya nyumbani, kisha atembee na kikombe kile kile mama akienda soko. Meka yenye kitako chake kilipigwa nyundo kwa ndani, inaonekana mara moja. Mama mumoja alituambia sasa wenye kuuzisha wanamuogopa binti yake wa myaka 9 kupita yeye mama.

Jambo la pili lenye linatukula ni maji ndani ya madini. Mu depo wanakata «humidité» kwa macho: leo mvua ilinyesha, tunatosha kiasi hiki, kwisha. Mu nyumba, jaza kopo muchanga wenye ulilowa, upime na vizibo. Tuseme vizibo 60. Mwanga muchanga ule juu ya sahani pa jua siku nzima, mutoto akiulinda kuku wasiuchimbe. Jioni upime tena: tuseme vizibo 54. Maji yaliyoondoka ni vizibo 6 juu ya 60, ni kusema 10 kwa mia. Hakuna mutu wa depo mwenye anaweza kukutajia maji bila kukausha na kupima mara ya pili. Mutoto mwenye alilinda muchanga wake siku nzima hatakubali kirahisi siku moja kuambiwa «maji ni 20» na mutu mwenye hakutoka hata mu kiti.

Na tenere, ni kusema kiasi cha kobalti ao cha mukuba ndani ya majiwe. Wenye depo wanaonyesha mashini ya Metorex ku kipande cha eshantiyo, namba inatoka, bishano inakwisha. Mashini inaweza kusema kweli, na bado ukaibiwa, juu inasema kweli ya kile kipande tu. Mutoto anaweza kuelewa hii kwa mahindi 90 na maharagi 10 mekundu mu chungu. Mara ya kwanza weka maharagi yote chini na mahindi juu. Mutoto atose mbegu 20 toka juu tu: haragi hakuna, «tenere» ni sifuri! Kisha achanganye vizuri, afunge macho, atose 20, ahesabu, arudishe, atose tena. Mara 1, mara 3, mara 2, mara 0, mara 2. Aandike zote. Baada ya mara nyingi ataona zinazunguka karibu na 2 juu ya 20, yenye ni 10 kwa mia. Eshantiyo lazima itoke fasi mingi ya mufuko, juu, katikati na chini, mbele ya macho yako. Muchezo huu unadumu dakika 20, na sisi tulikuwa tunapigania jambo lile myaka bila kupata namna ya kulieleza.

Kwa watoto wakubwa kidogo, wa myaka 9 mupaka 11, kuna maharagi ya sheria. Kodi ya madini yenye kompani inalipa, kufuatana na Kodi ya Mingodi ya 2018, inagawanywa hivi: kama ni maharagi 100, 50 yanaenda Kinshasa, 25 mu jimbo, 15 ku komini ao sekta ao shefferi yenye mugodi uko, na 10 mu sanduku la vizazi vyenye vinakuja. Mutoto apange vilundo 4. Kisha kuna ingine: kompani inapaswa kuweka angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa fasi. Hapo mutoto ahesabu maharagi 1.000 kwa vilundo vya 10, kazi ya nusu siku, kisha atose 3. Ni kidogo? Ni kidogo. Lakini 3 juu ya 1.000 za mauzo ya mugodi mukubwa ni kalasi nyingi sana, na mutu mwenye anajua zile 3 anaweza kuuliza zilifika wapi. Wakubwa wetu wengi mu mikutano ya komini wanapiga kelele bila kujua waulize nini.

Si kila kitu lazima kirudie ku pesa. Kamulia limau juu ya bikarbonati mu kikombe, povu itapanda na watoto watacheka. Panda kijiti wima mu kiwanja, uweke alama ya kivuli kila saa; karibu tarehe 20 ya mwezi wa 2, na tena karibu tarehe 20 ya mwezi wa 10, mu Kolwezi kivuli kinapotea kabisa saa ya katikati, juu jua linapita sawasawa juu ya kichwa. Mawingu yakikubali.

Lakini kuna jambo moja lenye hatutalipita haraka. Tumeona wazazi wenye wanaleta nyumbani majiwe mazuri ya rangi ya majani, ao yale meusi ya kobalti, mutoto acheze nayo na ahesabie. Hapana. Usifanye. Mwaka 2018 wachunguzi wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa kazi yao juu ya Kasulo, mu Kolwezi, pale watu walichimba mu viwanja vya nyumba zao. Walipima mikojo. Watoto wa pale walikuwa na kobalti karibu mara 10 kupita watoto wa fasi ingine, na walipita hata watu wakubwa. Mutoto anatambaa chini, anaweka mikono mu kinywa, vumbi inaingia. Mu majiwe mengine ya kwetu munaingia pia iranyumu. Basi kwa muchezo tumia maharagi, mahindi, vizibo vyenye vilioshwa, muchanga toka fasi ya mbali na karyere. Batri za zamani na maji yao makali, hapana. Nguo za kazi ziachwe ku mulango, zioshwe peke yake. Na mutoto wa chini ya myaka 4 asiachwe peke yake na maharagi, juu yanaingia mu pua na mu koo.

Pesa haihitajiki: kamba, makopo 2, kikombe cha maharagi yenye yatarudi mu chungu jioni. Saa inahitajika, na tunajua baba mwenye anatoka poste ya usiku anataka kulala. Dakika 15 siku ya yenga zinatosha kuanza, na kaka ao dada mukubwa anaweza kuongoza.

Kwa wenye watapima balansi ya depo na chupa 10 za maji: mwende watu 2 ao 3, musiende peke yenu, musigombane. Muandike tarehe, fasi ya depo, kilo zenye balansi ilionyesha na uzito wa bidoni tupu, kisha mupatie delege wa sendika karatasi ile. Wenye walikatazwa kupima, muandike vilevile kwamba mulikatazwa.