Risiti Nayo ni Kipimo

Kila msimu wa mavuno katika bonde letu la Kilombero, kilio cha mkulima wa mpunga ni kile kile: rumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kilemba na kushonwa, nalo hulipwa kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo, na sote twakubali kwamba ni dhuluma. Leo twapenda kuzungumzia kipimo kingine ambacho wengi wetu hatukitambui kuwa ni kipimo. Nacho ni risiti ya kodi itolewayo kwa mashine.

Mashine hizo, zijulikanazo kwa jina la EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mwaka 2013 zamu iliwafikia wale wadogo zaidi, ambao mauzo yao yalifika shilingi milioni 14 kwa mwaka. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi milioni 11.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa fedha nyingi kiasi hicho ni habari ya matajiri wa Ifakara mjini, wala haimhusu mwenye duka la Idete. Ndugu wasomaji, na tupige hesabu. Milioni 11 zikigawanywa kwa siku 365 ni kama shilingi 30,000 kwa siku. Duka la sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya kula laweza kufika hapo bila mwenyewe kujua. Tena hesabu hiyo ni ya mauzo, si ya faida. Aliyeuza bidhaa za shilingi 30,000 huenda amebakiwa na elfu tatu tu za kulisha watoto.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mfanyabiashara asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa macho: rafu zilivyojaa, wateja walivyo wengi, mahali duka lilipo. Makadirio yakizidi uwezo wake, hana karatasi ya kumtetea. Na mtu asiye na utetezi hushawishika upesi kumaliza mambo kwa rushwa, akaongeza kosa juu ya dhuluma.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea wanaokwepa kwa hila kodi zilizo za haki. Twaliweka mkazo neno hilo, haki, kwa kuwa lina pande mbili. Mwaka 2013 wafanyabiashara wengi walilalamikia bei ya mashine zenyewe. Mwezi Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa sababu ya malalamiko juu ya kodi na namna zinavyokusanywa, hata Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Si haki kumwita kila mlalamikaji mkwepaji kodi. Wala si haki kuyatumia malalamiko kuwa kisingizio cha kuficha mauzo.

Basi tujiandae mapema. Kwanza, kila mwenye biashara awe na daftari, aandike mauzo na manunuzi kila jioni kabla ya kufunga duka, na atenganishe fedha ya duka na ya nyumbani. Pili, adai risiti kwa muuzaji wa jumla kila aendapo kuchukua mali, azihifadhi kwa mwezi na mwaka. Mashine itahesabu alichouza, lakini gharama zake ni yeye wa kuzithibitisha. Tatu, anayenunua mpunga kwa wakulima wasio na risiti aandike jina, kilo, bei na tarehe, na mkulima atie sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo itamlinda mkulima pia. Nne, Namba ya Mlipa Kodi hutolewa bila malipo. Asikubali kumlipa mtu wa kati. Kabla ya kununua mashine, aiulize ofisi ya kodi kama kiwango kinamhusu, maana Sheria ya Fedha hubadilika mwaka hadi mwaka. Aulize pia juu ya utaratibu wa kutoa risiti kwa simu, na anunue kwa wakala aliyeidhinishwa tu. Mashine ikiharibika au mtandao ukikatika, atoe taarifa mara moja na aandike alichouza. Kunyamaza kwaweza kuhesabiwa kuwa ni kuficha.

Sasa tuwageukie wanunuzi, yaani sisi sote. Mara ngapi tumeulizwa dukani, “Unataka na risiti au bila risiti?” tukachagua bei ndogo? Mara ngapi tumepokea risiti ya kiasi pungufu kuliko tulicholipa, tukanyamaza? Hiyo nayo ni rumbesa. Anayepunjwa safari hii ni zahanati na shule ya watoto wetu. Na tuanzie nyumbani. Kamati za ujenzi za vigango zinunuapo saruji na mabati kwa sadaka za waamini, zidai risiti yenye kiasi kamili na kuisoma mbele ya waamini pamoja na hesabu nyingine.

Twawaomba viongozi wa Halmashauri ya Walei walipeleke jambo hili katika jumuiya ndogondogo, na wale wajuao hesabu wawafundishe wenzao kuandika daftari. Na sisi tunaodai risiti dukani tuwe na ujasiri ule ule katika mkutano mkuu wa kijiji, tukitaka mapato na matumizi yasomwe. Mwenye duka akitakiwa kuonyesha kila shilingi aliyopokea, ni haki yake naye aonyeshwe ilikokwenda.