Mchumi Asiyejua Hisabati

Huko Singida, kama kwingineko nchini, kijana mwenye akili asemaye kwamba atakuwa mchumi hupewa upesi shauri moja: aiepuke hisabati. Huambiwa achukue Historia, Jiografia na Uchumi katika Kidato cha Tano, apate alama nzuri, aingie Chuo Kikuu. Mengine yatajitengeneza mbele ya safari. Watoa shauri hili humtakia mema. Hata hivyo wanampoteza, na kosa lao halionekani mpaka baada ya miaka mitano au zaidi, siku aanzapo masomo ya shahada ya pili.

Masomo ya mwaka ule hayana huruma. Nadharia ya mlaji haianzi na bei ya sukari. Huanza na seti, na uthibitisho kwamba mapendeleo ya mtu yaweza kuwakilishwa kwa namba. Nadharia ya ukuaji hutaka kalkulasi, na ekonometriki imeandikwa kwa matriki na uwezekano. Mhadhiri hafundishi zana hizi. Huzitumia tu, kama seremala atumiavyo randa. Programu ya pamoja ya shahada ya pili iliyoanzishwa mwaka 1993 na vyuo vikuu vya Afrika, chini ya shirika la AERC la Nairobi, iliziweka mbinu za hesabu miongoni mwa masomo ya lazima. Wala haikukosea.

Wapo wasomi wasemao kwamba hisabati ni vazi la kigeni linalomficha mkulima. Hoja hii ina chembe ya kweli, maana zimeandikwa makala nyingi ambazo hesabu zake zilifunika utupu. Lakini Harold Schneider, Mmarekani aliyewachunguza Wanyaturu mnamo 1959 na 1960 na kutoa kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970, alishikilia kwamba watu wale walipima na kuchagua kati ya ng'ombe na nafaka sawasawa na nadharia isemavyo. Mnyaturu msomi ana haki ya kumpinga. Atampingaje, ikiwa nadharia yenyewe haijui?

Tena kuna alizeti. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje: asilimia 25 kwa mafuta ghafi, asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Ni nani aliyefaidika, mkulima wa Iramba au mwenye kinu? Mbegu ile ile hutoa mafuta na mashudu, kwa hiyo bei yake hufuata masoko mawili, na kila soko huitikia ushuru kwa namna yake. Hii ni milinganyo ya kutatuliwa kwa pamoja. Mchumi asiyeiweza atarudia maneno ya mtu aliyezungumza naye mwisho, na mara nyingi mtu huyo hatakuwa mkulima.

Basi kujiandaa ni nini? Si kukariri kanuni. Mkulima mwenye ekari tano huzigawa kati ya mtama na alizeti. Mwanafunzi hukokotoa mgawo ulio bora kwa njia ya Lagrange, akapata na kizidishi chake, akakiacha pembeni kama pumba. Kumbe kizidishi kile ndicho kimwambiacho ekari ya sita ingemfaa mkulima kiasi gani! Asiyeliona hilo hajajiandaa, hata akipata jibu sahihi. Na kuliona hutokana na mazoea ya kuthibitisha, ambayo hayapatikani katika majuma machache ya marudio kabla ya muhula kufunguliwa. Huhitaji mwaka mzima wa uchanganuzi wa namba halisi, pamoja na aljebra ya matriki. Maabara hayatakiwi: yatosha kitabu, daftari na mwalimu asiyechoka kuulizwa "kwa nini".

Kijana wa Singida aliyekwisha kushika njia ile nyepesi bado ana mihula sita ya shahada ya kwanza. Angalau miwili aende akasome katika idara ya hisabati, hata kama alama zake zitashuka. Na wanaochagua wanafunzi wa shahada ya pili waisome alama C ya uchanganuzi kabla ya kuitazama A ya somo lisilo na mlinganyo hata mmoja.