Rangi Igeukayo Juu ya Ngozi

Ndugu wasomaji, mwezi huu tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huonekana dogo, kwani ni la kioo na kitana, lakini ndani yake mna elimu, tena mna hatari ambayo baadhi ya nyumba zetu zimekwisha kuionja. Jambo hilo ni rangi zile ambazo zikiwa katika kichupa huwa na sura moja, na zikishapakwa juu ya ngozi hugeuka zikawa na sura nyingine.

Siku hizi zinauzwa Darajani, na hata katika maduka ya shamba, rangi za mashavu na za midomo ambazo ni nyeupe kama maji, au za kijani kama jani, na msichana akijipaka hugeuka waridi mbele ya macho yake. Muuzaji humwambia: "Rangi hii inaijua ngozi yako, humpa kila mtu rangi yake aliyoumbiwa." Wasichana hustaajabu, na wazee wengine huingiwa na hofu wakadhani kuna uchawi. Anayestaajabu na anayeogopa, wote wawili wanahitaji kuelezwa.

Natuanze na yale tuyajuayo majumbani. Mchuzi wenye bizari ya manjano ukimwagika juu ya kanzu nyeupe, doa lake huwa la manjano. Mama akilipaka sabuni ya kufulia, mara hugeuka jekundu; akilitia ndimu, hurudi manjano. Hakuna rangi nyingine iliyoongezwa hapo. Bizari ni ile ile, ila imekutana kwanza na ukali wa sabuni, kisha na uchachu wa ndimu. Na mtazame mla tambuu: jani ni kijani, chokaa ni nyeupe, na popoo si nyekundu kama damu; lakini vikitafunwa pamoja, mate huwa mekundu. Basi rangi kugeuka ikutanapo na kitu kingine ni desturi aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika vitu, wala si uchawi.

Wataalamu hukipima kiasi cha uchachu na ukali huo kwa kipimo kianziacho 0 hata 14. Maji safi ni 7. Ndimu iko karibu na 2, na sabuni ya kufulia huweza kufika 10. Ngozi ya mtu mzima, kwa jasho lake na mafuta yake, aghalabu huwa baina ya 4 na 6, yaani ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni ngao yake mbele ya vijidudu.

Ama ile rangi ya mashavu, aghalabu hutiwa rangi za ukoo wa eosini. Mwaka 1871 mtaalamu wa Kijerumani Adolf von Baeyer alitengeneza floresini, na miaka michache baadaye mwenzake Heinrich Caro akaichanganya na bromini ikatoka eosini, jina litokanalo na neno la Kiyunani la mapambazuko, kwa wekundu wake. Rangi za ukoo huu zina hali mbili. Zikiwa ndani ya nta na mafuta yasiyo na maji, kila chembe hujikunja ikajifunga kama pete, na rangi haionekani. Zikipata maji na unyevu wa ngozi, pete ile hufunguka, na rangi ya waridi hudhihiri. Kisha hushikamana na utando wa juu wa ngozi, ndiyo sababu haifutiki upesi kwa kitambaa. Wala si jambo jipya. Katika miaka ya 1930 wanawake wa Marekani walikuwa wakinunua rangi ya mdomo iitwayo Tangee, ambayo katika kijiti chake ilikuwa ya machungwa, na juu ya mdomo ikawa waridi.

Je, ni kweli kwamba inaijua ngozi ya kila mtu? Hilo ni neno la biashara. Rangi iliyomo ni moja, na matokeo yake kwa wote ni waridi. Kinachohitilafiana baina ya mtu na mtu ni unyevu wa ngozi, wingi wa rangi iliyopakwa, na weusi au weupe wa ngozi iliyo chini yake. Atakaye ushahidi na alowanishe karatasi nyeupe kwa maji ya kisima, kisha aipake rangi hiyo. Nayo itageuka waridi, ilhali karatasi haina tabia wala nasaba.

Kwa watu wengi rangi hiyo haina madhara makubwa. Wapo ambao midomo yao huwasha au kupasuka. Hao na waiache. Lakini ziko rangi nyingine mbili zigeukazo katika nyumba zetu, moja ni ya asili na njema, na moja ni adui aliyevaa nguo za rafiki. Nazo ni hina na piko.

Hina hutoka katika majani ya mhina, na tuijuavyo, unga wake ni wa kijani. Ndani ya majani mna kitu kiitwacho lausoni, nacho kimefungwa pamoja na sukari ya jani. Ndiyo maana hukandwa kwa ndimu na kuachwa saa kadhaa, ili uchachu ukifungue. Ikishapakwa, lausoni huingia katika tabaka ya juu ya ngozi na kushikana na keratini, ambayo ndiyo pia umbo la kucha na nywele. Ikibanduliwa, rangi huwa ya machungwa. Kisha hewa huifanyia kazi, na baada ya siku moja au mbili hukolea ikawa kahawia nyekundu. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu tabaka yake ni nene. Nayo hupotea baina ya wiki moja na tatu, kadiri ngozi kuu-kuu inavyopukutika na mpya kuchukua pahala pake.

Basi jueni, hina ya asili haiwi nyeusi tititi, na haitoi rangi yake kwa pupa. Mwenye kuitaka hana budi kusubiri.

Kwa kutotaka kusubiri ndipo ilipoingia piko. Hiyo ni dawa ya kutia nywele weusi, ambayo huchorwa maua mikononi na miguuni mwa maharusi, na katika fukwe zetu za mashariki, tangu Uroa kwetu hata vijiji vya jirani, huchorwa wageni na watoto wao kwa jina la hina nyeusi. Watu huipenda kwa sababu hukolea kwa muda mfupi na weusi wake hung'aa. Kitu kilichomo ni parafenilenidiamini, ambayo katika maandishi ya pakiti hufupishwa PPD. Yenyewe ni kama chembe nyeupe; ikikutana na oksijeni ya hewa, au na ile dawa ya maji ichanganywayo nayo, hugeuka nyeusi. Ni rangi igeukayo, sawa na zile nyingine. Lakini katika safari yake ya kugeuka huingia ndani ya ngozi na kushikana na mwili kwa namna ambayo mwili wa mtu huihesabu kuwa ni adui, ukaanza kupigana nayo.

Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu PPD izidi asilimia 2 katika dawa iliyokwisha kuchanganywa na kupakwa nywele, na kuichora juu ya ngozi hairuhusiwi kabisa. Ama katika hina nyeusi, wachunguzi wa Umoja wa Falme za Kiarabu walieleza mwaka 2010 kwamba walikuta kiasi kilichofika karibu asilimia 30. Na mwaka 2006 chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani waangaliao maradhi ya mguso kilikitaja kitu hiki kuwa ndicho chenye kuwasha cha kuangaliwa zaidi mwaka huo.

Hatari yake ina hila. Mara ya kwanza msichana huweza kupakwa asione lolote, au akaanza kuwashwa baada ya wiki moja au mbili. Mara ya pili, baada ya siku moja hata tatu, mkono huvimba, na malengelenge hutoka juu ya mistari ile ile ya maua. Yakipona, huweza kuacha alama nyeusi au nyeupe, na kwa watoto alama hiyo huweza kukaa miezi mingi. Wala hayaishi hapo. Mwili uliokwisha kumjua adui huyu haumsahau. Mwanamke huyo akifika makamo akataka kutia nywele zake dawa ya weusi, uso na macho huweza kuvimba hata ikabidi apelekwe hospitali. Huenda pia asipatane na baadhi ya nguo zilizotiwa rangi nyeusi, wala na baadhi ya dawa za ganzi. Maua ya wiki mbili yamemwachia deni la maisha. Tena piko ikinywewa ni sumu kali. Madaktari wa Sudan wameandika habari za watu waliovimba koo na kuharibikiwa na figo. Isiwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto hufika.

Hata hina ya asili ina sharti moja. Wako watu waliozaliwa na upungufu katika damu uitwao G6PD, na upungufu huo ni mwingi katika nchi zenye malaria kama pwani yetu. Mwaka 2001 madaktari wa Al Ain walieleza habari za watoto wenye upungufu huo waliopakwa hina, damu yao ikavunjika kwa hatari kubwa. Basi mtoto mchanga asipakwe hina mwili. Na mtoto yeyote aliyepakwa, macho yake yakawa manjano au mkojo ukawa mweusi, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Wengi huuliza juu ya udhu. Rangi iliyobaki katika ngozi peke yake, bila ya kiwiliwili, haizuii maji. Kinachozuia ni hina mbichi iliyoganda, au nta na mafuta yaliyofanya utando. Hivyo na viondolewe kwanza. Ama kuhusu piko, swali liko kabla ya udhu: sheria yetu haimruhusu mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe, na pambo halitoki katika hukumu hiyo.

Mama zetu mnaoandaa maharusi, muulizeni mchoraji ametia nini. Akisema itakuwa nyeusi kwa saa moja, au dawa yake ikinuka mafuta ya taa badala ya majani, au akashindwa kutaja vilivyomo, mwambieni asimguse mwari wenu. Aliyekwisha kuchorwa akiona mwasho, na aoshe kwa maji na sabuni, amwone daktari, na asirudie tena maisha yake yote. Zanzibar tuna Sheria nambari 2 ya mwaka 2006 ya chakula, dawa na vipodozi; hivyo kitu cha shaka kina mahali pa kupelekwa.

Na nyinyi vijana mchorao pwani, riziki yenu ni halali maadamu mnauza hina. Mgeni ni amana, na mtoto wa mgeni ni amana zaidi, kwani malengelenge yake yatatoka akiwa amekwisha kurudi kwao, na hamtakuwepo kumsaidia. Mwambieni kwamba hina yenu itakuwa ya machungwa leo na kahawia keshokutwa. Akikataa kusubiri, na aende zake na ngozi yake salama.

Wabillahi tawfiq.